Kaseti haikumsahihisha Nkambo

Mwezi uliopita tulikuwa tunatayarisha kijitabu cha kumbukumbu ya nkambo wetu, yaani bibi yetu. Ipo kaseti moja aliyorekodiwa nyumbani mwaka 1989, akieleza jinsi yeye na mumewe walivyohamia mtaa wa Katuba. Binti wa dada yangu, anayejua kompyuta kutushinda wote hapa Lubumbashi, akapewa kazi ya kuisikiliza na kuiandika. Akaleta kurasa nne safi kabisa. Mstari wa kwanza: "Wakati ule watu walikuwa wachache Katuba."

Nikamuuliza, huyu anayesema ni nani? Kwenye kaseti nkambo anasema, "Ile wakati batu balikuwa kiloko mu Katuba."

"Mujomba, tukiandika vile batatucheka," akanijibu. Yeye mwenyewe akisema, si kuandika, "batatucheka" humtoka bila shida yoyote.

Tumezoea kuambiwa kwamba maandishi ndiyo ya kuaminika, sauti ni upepo tu. Mimi naona kinyume. Herufi zimekuwa zikitusahihisha tangu darasa la kwanza. Utepe wa kaseti haujawahi kumsahihisha mtu.

Na cha kuchekesha ni kwamba mtu wa kwanza kunasa sauti hakuwa na nia ya kuisikia tena. Alitaka iandikwe. Édouard-Léon Scott de Martinville alikuwa mtu wa kiwanda cha uchapaji mjini Paris, na mwaka 1857 alipata hati ya ubunifu kwa chombo chake: mdomo mpana wa kupokea sauti, ngozi nyembamba inayotikisika, na unywele mgumu unaochora mtikisiko huo kwenye karatasi iliyopakwa masizi ya taa. Aliamini watu watajifunza kusoma ile mistari kwa macho, kama wanavyosoma gazeti. Hakuna aliyejifunza. Miaka ishirini baadaye, 1877, Edison alitoa mashine yake ya karatasi ya bati inayorudisha sauti masikioni, na Scott akasahaulika.

Karatasi zake zilikaa kimya hadi 2008, wataalamu wa Marekani walipotumia kompyuta kuigeuza kuwa sauti mistari ya wimbo aliounasa tarehe 9 Aprili 1860. Dunia ikasikia sauti nyororo, wengi wakadhani ni ya msichana. Mwaka uliofuata wakagundua kuwa walikuwa wameipiga kwa kasi mara mbili. Alikuwa mwanamume anayeimba polepole, huenda Scott mwenyewe. Nilipoyajua hayo nilimkumbuka nkambo: betri za redio zikiisha nguvu, sauti yake kwenye kaseti huwa nzito kama ya polisi, na watoto hucheka hadi machozi. Kwa hiyo sisemi kwamba utepe haudanganyi. Lakini ukidanganya hausemi kwamba unakurekebisha.

Mistari ile ya Scott, kwa njia, unaiona kila siku. Fungua WhatsApp, tazama mesaji ya sauti kabla hujaibonyeza.

Kila alama ya sauti ina kinachobaki na kinachomwagika. Mfano mzuri kuliko yote uko hapa hapa Congo, chini kidogo ya Kisangani, kwa Walokele na ngoma yao ya gogo. Mmisionari John Carrington aliishi Yakusu akajifunza kuipiga, akaieleza katika kitabu cha mwaka 1949. Ngoma ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na lugha yao nayo husimama juu ya tofauti hiyo. Ngoma huacha herufi zote, ikabakiza mpando na mshuko peke yake. Sasa mwezi ni *songe*, kuku ni *koko*, na kwa ngoma maneno hayo mawili ni kitu kimoja. Ndiyo maana mpigaji hasemi "mwezi" akanyamaza. Husema mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Kuku naye huwa ni yule mdogo anayelia kiokio. Herufi za Kizungu zilipokuja zikafanya kinyume chake: zikashika *s* na *k*, zikatupa mpando na mshuko. Kiluba kinachoandikwa makanisani mwetu kina shida hiyo hiyo. Anayekisoma lazima awe anakijua tayari.

Muziki nao haukusalimika. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alifika na mashine zake akamrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, kijana wa Kiyeke, kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu upande mmoja, basi gitaa lililoweza kupigwa jioni nzima likakatwa kwa kipimo cha sahani. Mwaka 1961 mtaalamu wa muziki David Rycroft akaanza kuchapisha gitaa hilo kwa noti, alama kwa alama. Kazi ya heshima, sikatai. Lakini mpe noti hizo mpiga gitaa wa baa moja ya Kamalondo, hapa mjini, kisha mpe ile santuri, uone ataanzia wapi.

Iko hati moja ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi, watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Aliandika kama alivyosema: maneno yameshikana, neno moja lina tahajia hii hapa na ile pale. Ukiitazama kwa macho unapotea. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipotaka kuielewa, ilibidi Kalundi Mango, mwenyeji wa hapa, aisome kwa sauti ndipo maneno yakaachana. Ikachapishwa mwaka 1990. Wengine huona pale mtu asiyejua kuandika. Mimi naona mtu aliyegeuza taipu kuwa mashine ya kurekodi.

Tena ni nani mwenye haki ya kutucheka? Sisi ndio tulioanza jina la mwanasiasa wetu Tshombe kwa herufi tatu, Tsh, mahali ambapo Dar es Salaam wangetumia mbili, Ch, kwa sababu Mbelgiji alisikia hivyo kwa masikio ya Kifaransa. Hayo hatuyaonei haya. Tunaonea haya "batu".

Kiswahili sanifu nakipenda, na makala hii nimeiandika nacho. Ni nguo ya kuendea mjini. Ila nkambo hakuwahi kuivaa, na kumvisha baada ya kufa ni kumzika mara ya pili.

Tulikaa siku tatu tukizirudia zile kurasa. Mara mbili utepe ulikwama, tukauzungusha kwa kalamu ya Bic. "Batu balikuwa kiloko" imerudi mahali pake. Mjane wa kaka yangu amenuna, anasema wageni watadhani hatukusoma. Iko sehemu nkambo anapotaja mtoto wake aliyefariki, kisha anapiga ulimi mara moja na kunyamaza, na jogoo wa jirani anawika. Binti akaniuliza ule mlio wa ulimi unaandikwaje. Hatukupata herufi yake. Ameacha nafasi tupu kwenye mstari, na jogoo amemwandika.