Utii wa Scientology, ukitazamwa kutoka Lubumbashi

Mkaaji wa Katuba au Ruashi, mitaa ya Lubumbashi yetu hapa Kongo, akisikia kuna dini inayomtenga mtu na mama yake, hashtuki sana. Vyumba vya maombi vyetu vimejaa watumishi wanaomwambia mgonjwa kwamba shangazi yake ndiye aliyemfunga kwa uchawi, asikanyage tena kwake. Tofauti ni kwamba Scientology, iliyoanzishwa na Mmarekani L. Ron Hubbard miaka ya 1950, imeiweka amri hiyo kwenye maandishi.

Kitabu chake cha maadili, cha 1968, kinapanga hali za mtu kama ngazi, kuanzia mkanganyiko na usaliti hadi uwezo. Kazi ya mtumishi wa kanisa hilo la Scientology hupimwa kwa grafu, na wiki hufungwa Alhamisi mchana. Waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanajua presha ya uzalishaji, ila pale kilichopimwa ni shaba. Kwa Scientology, grafu ikishuka, mtu anahesabiwa ana kasoro ya kimaadili. Muumini hutarajiwa kuripoti makosa ya mwenzake kwa maandishi, na anayelipinga kanisa huweza kutangazwa "mkandamizaji", yaani adui wa kanisa. Ndugu na rafiki zake walio waumini, wakitaka kuendelea na mafunzo ya kanisa, wasuluhishe naye au wakate uhusiano naye.

Watetezi wana hoja nzito. Mtawa pia huweka nadhiri ya utii, wala hatumwiti mateka. Kanuni zimechapishwa, asiyezitaka asijiunge. Kanisa linasema kukata uhusiano ni hiari ya mtu. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Marekani iliwakatalia Marc na Claire Headley, waliokuwa watumishi wa Scientology, waliodai walitumikishwa kwa nguvu: walikuwa na nafasi ya kuondoka, na kanisa lina haki ya kuonya kwamba litaacha kushirikiana na anayelihama.

Kisheria naona majaji walikuwa sawa. Serikali gani itamlazimisha mama kupokea simu ya mwanawe? Lakini sheria inaangalia kama mlango ulikuwa na kufuli. Kwetu, ambako bili ya hospitali na jeneza hulipwa na ukoo, kumtenga mtu na ndugu zake ni kumwacha bila bima wala matanga. Onyo la namna hiyo linambana mtu kuliko kufuli, na "hiari" inayotolewa chini yake ninaipokea kwa mashaka. Waliotoka wengi wanasema hivyo hivyo: walinyamaza miaka kwa kuogopa kupoteza watoto.

Kwa watoto, sheria yetu imeshachora mpaka. Ile ya 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, hata akiwa mchungaji anayedai amefunuliwa. Mtu mzima akitaka kuwahama ndugu zake, ahame. Ila Sea Org, kundi la ndani kabisa la Scientology, lina mkataba wa utumishi wa miaka bilioni moja, na wapo waliousaini kabla ya kufika miaka 18. Hapo hoja ya hiari siikubali hata kidogo.