GPS ya kubandika kiooni inanitoa roho

Jamani hizi GPS za kubandika kwenye kioo cha gari zinachosha, mi sikatai ina uzuri wake, haili bando, ramani iko humohumo na inasoma setilaiti moja kwa moja so hata porini kusiko na mnara wa simu inakuonyesha ulipo, hapo naipa tano. Ila ramani ya kizamani balaa! Daraja la Tanzanite hapa Dar, lile linalopita juu ya bahari, limefunguliwa 2022 lakini ukipita pale yenyewe inakuonyesha unaelea baharini na inapiga kelele geuza gari, nigeuze niende wapi sasa?? Ku-apdeti mpaka utafute kompyuta. Na jua hili la Dar kile kimpira cha kuinatisha kiooni kinalegea, puu, iko miguuni kwenye breki.