Ndiyo, aliyepanda kaunta ni mimi

Wadau, jirani yangu muuza kava za simu keshairusha video, na nusu ya Kariakoo imeiona. Naomba niongee. Ile sauti ya king'ora kaiweka yeye. Yangu ilikuwa ya kawaida tu.

Mama mmoja kaniletea laptopu ya siku nyingi. Ukiiwasha inafanya kazi kama robo saa, kisha inaganda: mshale umesimama, kibodi haisikii, mpaka ushikilie kitufe cha kuwashia izime. Kuna fundi alishampiga Windows mpya, hela kala, ugonjwa uko palepale. (Nyie ambao kila kitu kwenu ni Windows, Mungu anawaona.)

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, ile inayoonyesha diski na prosesa zinavyofanya kazi. Ingekuwa diski imechoka, ningeikuta kwenye asilimia 100 hata kama sijafungua kitu. Wala, imetulia. Ila prosesa, ubongo wa kompyuta, ya kasi ya 2.4 GHz inajikokota kwenye 0.8, chini hapashikiki kwa moto, na feni kimya. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi isiungue, ikizidiwa ndiyo unaona mambo yanasimama.

"Mama, hili ni joto tu. Vumbi limejaa."

"Haya mwanangu, fungua tuone."

Nikatoa skrubu 10, zile mbili ndefu za kwenye bawaba nikaziweka kando, maana ndefu ukiifunga mahali pa fupi inatobokea juu kwenye kibodi. Nikapitisha kadi ya plastiki ukingoni, tak, tak, mfuniko ukaachia. Nikachomoa waya wa betri. Nikachukua brashi, nikainamia feni.

Sasa hapa twende polepole.

Katikati ya mapanga ya feni kuna kitu cha kahawia. Nikajua mpira umeyeyuka. Mpira ukatingisha sharubu. Nikajiambia, wewe fundi, mteja anakuangalia. Nikaugusa kwa ncha ya brashi. Mende akatoka bila haraka, akapanda kwenye brashi, akasimama. Tukatazamana. Mimi nimeganda kuliko hiyo laptopu. Halafu mwenzangu akachomoka: mpini, kidole, saa, mkono wa shati, KWAPA.

Video inaanzia hapo.

Niko juu ya kaunta, natingisha bega, huku ukoo wake unamiminika kutoka kwenye matundu ya hewa. Mama akavua ndala. "Tulia mwanangu." Paa! Ubavuni. Mende kafa, ubavu wenyewe mpaka sasa unauma.

Mengine ya kawaida. Mayai nikayatoa kwa kibano. Vumbi nikalipuliza huku nimezuia feni kwa kidole, kwa sababu ikizungushwa kasi na blowa inaharibika. Pesti ya kutoa joto kwenye prosesa ilikuwa imekauka, nikaifuta kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya choroko. Kumbe laptopu inalala juu ya friji, penye joto, na chini ya kibodi kuna makombo ya biskuti. Mende gani ataikataa nyumba hiyo? Nikaiachia video ikacheze saa nzima, haikuganda.

Bili 25,000. Mama akahesabu 20,000, akafunga pochi.

"Mama, bado elfu tano."

"Hiyo ni yangu. Mdudu kaua nani?"