Zanskar ina haki ya barabara

Kila nikisoma simulizi za wasafiri waliotoka Zanskar, nakuta kilio kilekile: barabara imefika, bonde limeharibika. Mimi napingana nao, tena kwa moyo wote.

Zanskar ipo Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, nyuma ya safu kuu ya Himalaya. Mawingu ya mvua humwaga maji yao upande wa pili wa milima, kwa hiyo huku shayiri huota kwa maji ya theluji inayoyeyuka. Padum, mji mkuu, uko kwenye mwinuko wa mita 3,600 hivi. Aliyewahi kulala kambi ya Horombo kule Kilimanjaro anaijua hewa hiyo: ukipanda hatua chache tu, pumzi inakata. Lakini Horombo mtu hulala usiku mmoja au miwili akashuka. Padum watu huzaliwa, hulima na kuzeekea hapohapo.

Barabara ya kutoka mji wa Kargil ilifika miaka ya 1980 ikianza, ikipita juu ya kipito cha mlima cha Pensi La, mita 4,400. Kwa miaka mingi theluji iliifunga karibu nusu mwaka. Hapo ndipo mto wenyewe ulipogeuka barabara. Januari na Februari Mto Zanskar huganda korongoni, na wenyeji huita njia hiyo Chadar, yaani shuka la kujifunika. Vizazi na vizazi walipita juu yake wakiwa na siagi mgongoni ya kwenda kuuza mji wa Leh, usiku wakilala mapangoni. Watoto nao walipitishwa humo kwenda shule, baba akitangulia, akigonga barafu kwa fimbo asikie kama imeshika. Leo wageni hulipa fedha kutembea Chadar na kuhesabu kuwa wamefanya ushujaa. Sioni kosa lao kutembea. Nachukia pale wanaporudi nyumbani na kutaka yule mtoto aendelee kukanyaga barafu ili picha zao zibaki nzuri.

Wanasema utamaduni umedumu kwa sababu bonde lilifungwa. Si kweli. Mwaka 1823 Mhungari mmoja, Alexander Csoma de Kőrös, alifika kijiji cha Zangla humo Zanskar akajifungia kwenye baridi kali na lama mwenyeji, yaani mwalimu wa dini ya Kibudha, wakisoma maandiko ya Kitibeti. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kamusi ya Kitibeti na Kiingereza iliyochapishwa 1834. Bonde hili "lililojitenga" lilikuwa mwalimu wa dunia kabla reli haijafika India. Pale Padum, kati ya Wabudha, wamo Waislamu wenye msikiti wao, waliokaa humo vizazi vingi. Monasteri ya Karsha imetanda mlimani kama kijiji kizima, na Phugtal imejengwa kwenye mdomo wa pango, juu ya mto. Kilichoziweka hai ni familia zilizotoa mtoto awe mtawa na unga wa shayiri wa kulisha watawa. Familia hizo zikihama kwa kukosa shule na dawa, Phugtal itabaki kuta tupu.

Machi 2024 barabara ya kutoka Nimmu kupitia Padum hadi Darcha, kilomita 298, iliunganishwa, na Julai mwaka huo kazi ya handaki la kilomita 4.1 chini ya kipito cha Shinku La ikaanza. Nilifurahi, ila kuna jambo linanikera. Barabara hiyo inajengwa kwanza kwa ajili ya jeshi, kwa sababu mipaka ya China na Pakistani iko karibu. Watalii ni wa pili. Mwenyeji anakuja mwisho, naye ndiye anayebaki na uhaba wa maji. Kijiji cha Kumik kililazimika kuanza makazi mapya bondeni baada ya theluji iliyolisha kijito chake kupungua. Sasa fikiria hoteli zenye mabafu ya maji moto zikipangana juu ya vijito vya namna hiyo! Maji ya mashamba yapimwe kabla ya kibali cha hoteli hata moja kutolewa, na wanakijiji wenyewe ndio waamue.

Nami nitaipima barabara hii katikati ya Januari. Miaka yote mgonjwa wa majira hayo husubiri helikopta ya jeshi la anga, nayo husubiri mawingu yafunguke. Siku mama mwenye uchungu wa kuzaa atakapotoka kijiji cha juu kule Lungnak, akamkuta daktari Padum usiku uleule, hapo nitasema barabara imefika Zanskar.