Mgeni Akishapewa Jembe

Kijiji cha Gipf-Oberfrick, katika jimbo la Aargau nchini Uswisi, kiliwahi kuvuma duniani kwa sababu ya kengele. Mwanamke mmoja aliyezaliwa Uholanzi, akahamia Uswisi akiwa na umri wa miaka 8, alianzisha kampeni: ng'ombe wanafungwa kengele nzito shingoni, zinawaumiza, na za kanisa nazo zinapigwa kupita kiasi. Alipoomba uraia alikuwa anazungumza Kijerumani cha huko kama jirani yeyote, na watoto wake walikuwa tayari raia. Wanakijiji, ambao kwa utaratibu wao wana kura katika jambo hilo, wakamkataa. Akaomba tena, wakamkataa tena. Kiongozi mmoja wa chama cha siasa pale kijijini alieleza kuwa mama huyo ana mdomo mkubwa, na watu hawakuwa tayari kumpa zawadi ya uraia mtu anayewakera na asiyeheshimu mila zao. Mwaka 2017 jimbo liliingilia kati, akapata uraia wake.

Neno lililonikaa kichwani katika kisa hiki si kengele, ni zawadi. Ugomvi wote kati ya wenyeji na wahamiaji wanaoikosoa nchi iliyowapokea umejificha humo. Kama kupokelewa ni zawadi, aliyepokea ana deni, na deni hilo hulipwa kwa adabu, kwa shukrani, na pengine kwa kunyamaza. Akilalamika, mwenyeji anakumbuka kwamba shukrani ya punda ni mateke. Lakini kama kupokelewa ni mapatano, yaani wewe ulete kazi yako, kodi yako na utii wa sheria, sisi tukupe ulinzi na haki, basi deni la ziada halipo. Mlipa kodi akisema barabara ni mbovu hajamtukana mtu. Mmoja anasoma daftari la fadhila, mwenzake anasoma daftari la mapatano, na kila mmoja anashangaa kwa nini hesabu za mwenzake hazilingani na zake.

Mimi naegemea daftari la pili. Hata hivyo, sipendi wepesi ambao maumivu ya mwenyeji hupachikwa nao jina la ubaguzi na mjadala kufungwa. Mengine ni ubaguzi mtupu. Mengine sivyo.

Sikiliza jinsi lawama zenyewe zinavyotolewa. Mara nyingi mhamiaji huanza na "huku kwenu". Huku kwenu wazee wanaachwa wapweke. Huku kwenu jirani hamjui jirani. Kisha inafuata "kwetu sisi". Kuanzia hapo msikilizaji hasikii tena habari za wazee. Anachosikia ni kwamba yeye, wazazi wake na nyumba yake wamewekwa kwenye mizani, na jiwe la mizani limetoka ng'ambo. Jiwe lenyewe nalo si la kuaminika sana. "Kwetu" inayosimuliwa ugenini ni nchi iliyooshwa na umbali: undugu umebaki, ila yale yaliyomfanya msimulizi afunge virago hayatajwi. Mtu hahitaji kuwa na chuki ndipo ajiulize kimoyomoyo: kama kwenu kuzuri hivyo, ulifuata nini hapa?

Swali hilo likitoka mdomoni huwa limeshageuka kuwa amri: rudi kwenu.

Mwanauchumi Albert Hirschman, ambaye mwenyewe alizaliwa Berlin mwaka 1915 akaikimbia Ujerumani ya Wanazi, alitoa mwaka 1970 maelezo yanayofaa hapa. Mtu asiyeridhika na kampuni, chama au nchi ana njia mbili, ya kuondoka na ya kusema; na uaminifu ndio unaomfanya aseme kwanza badala ya kuondoka. Kwa mtazamo huo, anayekosoa anaonyesha, walau kwa kiasi, kwamba anakusudia kubaki. Mwenye safari yake hapotezi pumzi kulalamikia bomba la maji la nyumba anayoihama. "Rudi kwenu" inamnyang'anya njia ya kusema na kumsukuma kwenye ya kuondoka, halafu yeye ndiye anayeambiwa hana uaminifu.

Ila mwenyeji ana jibu, na ni jibu zito. Mhamiaji ni mtu ambaye ameshaondoka mara moja; amethibitisha kwamba anaweza. Mabadiliko anayoyadai yakienda kombo, yeye, hasa kama ana pasipoti mbili au taaluma inayogombaniwa kila mahali, ana mlango. Mzawa atabaki na matokeo. Anayepigia kelele uendeshaji wa mtumbwi akiwa amevaa boya hawezi kusikika sawa na asiye na boya, hata kama maneno yao ni yale yale.

Hoja hii naikubali. Tatizo ni nani inayemwangukia. Mwenye boya ni yule mtaalamu mwenye visa nzuri, na mara nyingi huyo ndiye anayealikwa kwenye redio kutoa maoni na kusifiwa kwa uwazi wake. Mkimbizi hana boya. Amefungiwa ndani ya mtumbwi kuliko hata mzawa, kwa kuwa mzawa anaweza kuchukua pasipoti akaenda kujaribu kwingine. Lakini kelele za "rudi kwenu" humfuata mkimbizi kwanza.

Lipo pia lalamiko la ukosoaji wa upande mmoja: mtu ana maneno elfu juu ya makosa ya nchi mpya, ila juu ya watawala wa nchi ya asili hana hata kikohozi. Mwezi Mei 2018 Mesut Özil, mchezaji wa timu ya taifa ya Ujerumani mwenye asili ya Uturuki, alipiga picha na Rais Recep Tayyip Erdoğan. Wajerumani wengi, wakiwemo wasio na kinyongo chochote na Waturuki, walitaka kujua picha ile ilikuwa na maana gani. Timu ikatolewa mapema kwenye Kombe la Dunia, lawama zikapamba moto, na Julai akajiuzulu kuichezea Ujerumani akisema kwamba wakishinda yeye ni Mjerumani, wakishindwa ni mhamiaji. Picha, kwa maoni yangu, ilistahili kuulizwa. Lakini Özil hakuhamia popote. Alizaliwa Gelsenkirchen, na mwaka 2014 alikuwa katika kikosi kilicholeta kombe nyumbani. Mwaka huo wa ushindi hakuna aliyehitaji kuuliza babu yake alitoka wapi.

Jambo hilo si la leo. Thomas Paine, Mwingereza, alishuka Philadelphia mwishoni mwa mwaka 1774, na kufikia Januari 1776 alikuwa ameandika kijitabu cha kuwahimiza watu wa makoloni ya Marekani wajitenge na mfalme wa Uingereza. Alikuwa na miezi 14 tu nchini, na walimshangilia, kwa kuwa aliyekuwa akikosolewa ni mtu wa mbali. Agosti 1792 Ufaransa ikampa uraia wa heshima, akachaguliwa kuingia katika Baraza la Taifa la mapinduzi. Huko akasimama kutetea mfalme aliyepinduliwa asiuawe. Desemba 1793 wageni waliondolewa barazani, naye akatiwa gerezani hadi Novemba mwaka uliofuata. Ndani ya miezi 16 alikuwa ametoka kwenye heshima ya uraia hadi kwenye kosa la ugeni. Ugeni, inaonekana, haufi. Hulala tu, ukisubiri siku mtu atakaposema lisilopendeza.

Mwanasaikolojia Matthew Hornsey wa Australia na wenzake walilipima jambo hili kwa majaribio mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walichukua lawama dhidi ya Australia, maneno yakiwa yale yale, wakayaweka mara katika kinywa cha Mwaustralia, mara katika kinywa cha mtu wa nje. Ya mtu wa nje yaliamsha ubishi zaidi. Hapo hakuna la kushangaza. Linalouma ni kwamba mtu wa nje mwenye uzoefu mrefu wa nchi hakusikilizwa vizuri zaidi ya asiyeijua kabisa. Miaka yako 10 ya kuishi na watu, kulipa kodi na kujifunza lugha inaweza kukupa ujuzi, lakini haikupi sikio la mwenyeji. Na hata ndani ya kundi lenyewe, aliyejiunga juzi alipokewa vibaya kuliko mkongwe.

Kwa hiyo wanaodai kwamba wangemsikiliza mhamiaji laiti angekuwa anaijua nchi kweli wanajidanganya kidogo. Na wanaodai kwamba wanachopinga ni lugha kali wana kazi ya kueleza mwaka 2019.

Julai mwaka huo Rais Donald Trump aliandika kwamba baadhi ya wabunge wanawake waliokuwa wakiisema vibaya Marekani warudi katika nchi zilizoharibika walikotoka, wakazirekebishe kwanza. Walioeleweka kuwa ndio walengwa walikuwa wanne, na watatu kati yao walizaliwa Marekani. Wa nne, Ilhan Omar, alizaliwa Mogadishu, akaishi miaka 4 katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, akaingia Marekani mwaka 1995 na kuwa raia mwaka 2000. Baraza la Wawakilishi lililaani maneno hayo kwa kura 240 dhidi ya 187. Siku iliyofuata, umati wa mkutano wa hadhara huko Greenville, North Carolina, ukaimba kwamba Omar arudishwe. Lakini Trump mwenyewe, katika hotuba yake ya kuapishwa Januari 2017, aliieleza nchi yake kuwa na viwanda vilivyopata kutu, vimetapakaa kama mawe ya makaburi. Ni picha ya kutisha kuliko nyingi walizozichora wabunge wale, na hakuna aliyemwonyesha uwanja wa ndege. Mzawa akiiponda nchi tunamwita mzalendo mwenye uchungu.

Omar ana wakosoaji wenye hoja, na baadhi ya matamshi yake yalikosolewa na wabunge wa chama chake mwenyewe. Hilo ni sawa kabisa. Mtu akikosoa, naye akosolewe. Kumjibu ni kumwambia amekosea hapa na hapa. Kumwambia arudi alikotoka ni kukataa kumjibu.

Kinachonifanya hasa nisiamini daftari la fadhila ni namna tunavyotumia ushahidi wa mhamiaji. Akisema nchi hii imeniokoa, hapa kuna uhuru na sheria, hotuba yake inarudiwa na wanasiasa na anapigiwa makofi. Hakuna anayesema huyu ni mgeni, anajuaje? Ugeni wake ndio unaoupa ushahidi nguvu: ameona kwingine, anaweza kulinganisha. Akisema polisi wa hapa walinionea, macho yale yale yaliyoona kwingine yanakuwa ghafla hayafai. Shahidi hawezi kuaminiwa asubuhi akisifu na kufukuzwa mahakamani jioni akilalamika.

Sheria nazo hazina kauli moja. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Harry Bridges, kiongozi wa makuli wa bandarini aliyezaliwa Australia, ilisema mwaka 1945 kwamba uhuru wa kusema unamhusu pia mgeni anayeishi nchini. Upande wa pili, Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa mwaka 1950, katika ibara ya 16, unaziruhusu nchi kuwekea mipaka shughuli za kisiasa za wageni. Ni ibara ambayo wengi hawaijui, na inaonyesha kuwa wasiwasi wa wenyeji uliingia hadi katika hati ya haki yenyewe. Mwigizaji Mwingereza Charlie Chaplin, aliyeishi Marekani miongo kadhaa bila kuchukua uraia, aliufahamu mpaka huo mwaka 1952: akiwa safarini baharini, kibali chake cha kurudi kilifutwa kwa sababu ya misimamo yake. Akahamia Uswisi. Alipokanyaga tena Marekani ilikuwa mwaka 1972, kupokea tuzo.

Napenda zaidi swali dogo lililokuwemo katika orodha ya maswali 100 ambayo muombaji uraia wa Marekani alitakiwa kuyasoma kwa mtihani wake kuanzia mwaka 2008. Taja haki mbili za kila mtu anayeishi Marekani. Miongoni mwa majibu yaliyokubaliwa ni uhuru wa kusema, na uhuru wa kupeleka malalamiko serikalini. Afisa alimtaka mhamiaji athibitishe kwamba anajua anaweza kulalamika, ndipo ampe alama.

Wahenga wetu walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwambia mgeni aache kubweteka. Ina upande mwingine usiosemwa: aliyeshika jembe si mgeni tena, na anayelima shamba atakuwa na neno juu ya mifereji yake. Tunataka jembe lishikwe siku ya tatu, ila neno lisubiri mwaka wa thelathini.

Je, mhamiaji abadilishe namna ya kusema? Majaribio yale ya Australia yanadokeza kwamba mkosoaji anayesema "sisi" hupokewa vizuri kuliko anayesema "wao". Kuhama kutoka "huku kwenu" hadi "hapa petu" si unafiki. Ni kukubali kwamba aibu ya jambo unalolikosoa inakuhusu. Ugumu ni kwamba "sisi" haisemwi na mtu mmoja akamaliza. Yule mama wa kengele, tangu mwaka 2017, ana haki ya kusema "kengele zetu". Kama majirani waliompigia kura ya hapana mara mbili husikia "zetu" au bado husikia "zenu", hilo jimbo haliwezi kuliamua.