Kamba ya kuzimia injini si adui wa mvuvi

Asubuhi moja katika mwalo wa Ntoroko, kusini mwa Ziwa Albert, nilipita nyuma ya boti zilizokuwa zimevutwa mchangani nikikagua kitu kimoja tu kwenye kila injini. Zilikuwa injini kumi na moja. Kwa kawaida injini za aina hii huja na kamba fupi nyekundu, iliyojikunja kama springi, yenye kibanio upande mmoja cha kushika kitufe cha kuzimia, na ndoano upande wa pili ya kumfungia nahodha; akianguka, kibanio huchomoka, kitufe hurudi ndani na injini huzima. Kamba zima niliiona moja tu. Kwenye nyingine kulikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimezungushwa kwenye kitufe na kukazwa kwa fundo ili kitufe kisirudi ndani hata boti ikipigwa na wimbi la namna gani. Fundo moja lilikuwa la zamani sana hata mpira ulikuwa umeanza kugandana na chuma.

Marekani imeshalifanya jambo hili kuwa sheria. Tangu tarehe 1 Aprili 2021, anayeendesha boti ya starehe yenye urefu wa chini ya futi 26 lazima awe amejifunga kamba hiyo, au kifaa kingine kinachofanya kazi hiyohiyo, pale boti inapokuwa kwenye mwendo wa kasi. Asipofanya hivyo mara ya kwanza anaweza kutozwa hadi dola 100. Swali ni kama sisi wa Uganda nasi tuiandike kwenye kanuni zetu, sasa kwa kuwa tuna sheria ya usafiri wa majini ya 2021 inayoweza kuzaa kanuni za namna hiyo. Wengi niliozungumza nao mwaloni wanakataa, na wanakataa kwa sababu ambazo watu wa ofisini hawazisikilizi vizuri.

Mzee mmoja anayevusha abiria kwenda Kasenyi, upande wa Kongo, aliniambia yake bila kupaza sauti. "Mwanangu, hapa injini ikizima katikati ya mawimbi, boti inageuka ubavu. Wimbi la kwanza linaingia, la pili linamaliza." Anayelijua Ziwa Albert hawezi kumbishia. Ziwa hili limelala ndani ya Bonde la Ufa, limebanwa na kuta mbili za milima, na upepo ukishuka huko juu hautoi muda wa kukunja nyavu. Boti ya mbao iliyojaa samaki au watu hulindwa na jambo moja: mbele yake kuelekezwa kwenye wimbi. Kazi hiyo ni ya injini. Sasa mwambie huyo mzee ajifunge kamba ambayo wavu ukiikwaruza, au baria, msaidizi wake botini, akiikanyaga wakati wa kuchota maji, injini yote inanyamaza. Mbaya zaidi, boti iliyokuwa mbio ikisimama ghafla, wimbi lake yenyewe huifuata kwa nyuma na kuingia pale alipokaa nahodha.

Na kuna hoja ya pili, nzito kuliko hiyo. Misiba mikubwa ya maziwa yetu haikusababishwa na kitufe. Machi 2014 wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi kwao walizama katika ziwa hilihili, na waliokufa walizidi 100. Desemba 2016 ilipinduka boti ya wachezaji wa mpira na mashabiki wao kutoka Buliisa, wakapotea takriban watu 30. Novemba 2018 ikazama MV Templar huko Ziwa Victoria, upande wa Mukono, na idadi ya maiti ikapita 30. Kujaza watu kupita kiasi, vyombo vibovu, hali ya hewa, kutovaa jaketi la kuokolea: hayo ndiyo yaliyoua. Kamba nyekundu isingemwokoa hata mmoja wao. Mtu akisema fedha na nguvu za serikali ziende kwanza kwenye majaketi, sina la kumjibu isipokuwa kukubali.

Hata hivyo siwezi kuishia hapo, kwa sababu misiba hiyo mikubwa inatufundisha kuhesabu vibaya. Tunakumbuka boti iliyozama na watu wengi. Hatuikumbuki boti iliyokutwa asubuhi ikizunguka peke yake, au imekwama kwenye matete injini ikiwa imemaliza mafuta, nyavu zimo na samaki wamo. Kila mwalo nilioutembelea una hadithi hiyo, na kila mara inaelezwa kwa maneno yaleyale: "boti ilipatikana tupu." Watu hutikisa kichwa, wengine hutaja jini la ziwa, na mazishi hufanyika bila mwili. Redio haitangazi mtu mmoja.

Hebu tuangalie kinachotokea. Nahodha wa boti zetu hukaa nyuma kabisa, mara nyingi juu ya ukingo, mkono mmoja ukiwa kwenye mpini. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na propela kuliko mtu yeyote ndani ya boti. Wimbi likimrusha, au boti ikigonga gogo, huangukia upande huohuo wa propela. Injini ikizungushwa mara 5,000 kwa dakika, gia huipunguza kasi hiyo karibu nusu, kwa hiyo propela yenyewe huzunguka kama mara 40 kwa sekunde. Ina mapanga matatu. Hiyo ni mikato 120 katika muda wa kutamka jina lako.

Tuseme amenusurika hapo. Mpini ukiachiwa, injini haibaki imenyooka. Nguvu ya propela huisukuma upande mmoja, na boti huanza kukata duara. Duara hilo huirudisha palepale mtu alipoangukia, tena na tena, hadi mafuta yaishe au mtu mwingine aingilie. Mei 2013, huko Padstow nchini Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa majini kutoka kwenye boti yao ya kasi. Kamba ya kuzimia ilikuwemo ndani ya boti lakini haikuwa imefungwa kwa mtu yeyote. Boti tupu ikawarudia. Baba na bintiye wa miaka 8 walikufa, wengine wakajeruhiwa, na hayo yalitokea mchana, karibu na nchi kavu, watu wakiangalia.

Au boti isizunguke, iende mbele tu. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ndani ya dakika moja imeshafika zaidi ya mita 330 kutoka kwa mtu aliyeanguka. Wavuvi wa muziri na ragoge, samaki wadogo wa ziwa hili, hufanya kazi usiku, wakiongozwa na taa zao wenyewe. Mwenye kichwa juu ya maji gizani, mita 330 nyuma ya injini inayounguruma, anaweza kupiga kelele mpaka sauti imkauke. Baria aliyeko mbele haangalii nyuma, anaangalia taa. Na akishageuka akaona mpini hauna mtu, itabidi atambae juu ya nyavu na madumu hadi nyuma, wakati boti inayumba. Kamba ingekuwa imefungwa gotini kwa nahodha, boti ingezima palepale alipoanguka na kusimama umbali wa kurushiana dumu tupu.

Nikamwomba yule mzee tujaribu. Aliwasha injini boti ikiwa kwenye maji ya kiunoni, akafungua fundo la mpira, akashikilia kitufe kwa vidole, kisha akakiachia. Injini ilikata papo hapo. Kijana wake mmoja, anayefanya naye kazi kwa misimu miwili, akauliza kama imeharibika. Hakuwa amewahi kuiona ikizima kwa njia ile. Swali lile lilinishtua kuliko mpira wenyewe, maana huyo ndiye angetakiwa kuizima mzee akianguka.

Hofu ya injini kuzima katika dhoruba ni ya kweli, lakini dawa yake si kuua kitufe. Dawa yake ni kibanio cha pili. Waendesha boti wenye busara hubeba kibanio cha akiba ndani ya boti, ili nahodha akianguka na kamba yake, aliyebaki achomeke cha akiba, avute stata na arudi kumchukua. Kibanio hicho kikining'inizwa mahali ambapo kila baria anapajua, kamba ikichomoka kwa bahati mbaya itapoteza sekunde chache tu. Mzee aliponisikia akaniuliza kinauzwa wapi, na hapo alinibana: mwaloni hakipo, na anayeharibu cha kwanza hukimbilia mpira wa baiskeli kwa sababu injini bila kibanio haiwaki. Fundo lile linaanzia dukani kabla ya kufika kwa mvuvi mzembe.

Ndiyo maana siungi mkono sheria ya Marekani kuchukuliwa kama ilivyo. Kwanza haitufai hata kwa kipimo: wao wanazungumzia boti za starehe za chini ya futi 26, na huku Ziwa Victoria boti ya uvuvi inatakiwa isipungue futi 28. Tukinakili, tutawaacha nje walewale tunaowalenga. Lakini kuna kipengele chao kizuri ambacho hakisemwi huku. Hawadai kamba wakati boti inakwenda polepole, kama mtu anapofunga gatini. Kwetu maana yake ni kwamba anayevuta wavu, injini ikiwa inanguruma tu bila mwendo, asisumbuliwe. Ajifunge anapofungua mafuta kwenda.

Na asisumbuliwe na nani? Hapa nawaelewa kabisa wanaopinga. Mwaka 2017 jeshi liliingia kusimamia uvuvi majini, na wavuvi wameona boti zilizopungukiwa urefu zikichomwa moto. Ukiwapa askari sababu moja zaidi ya kusimamisha boti, mvuvi haoni kamba ya kumwokoa. Anaona afande anayetaka kitu kidogo. Sheria ikija kwa njia hiyo, kamba itafungwa gotini boti ya doria inapoonekana na kufunguliwa ikipita. Mimi ningeanza na muuza injini: asiuze bila vibanio viwili, na cha akiba kipatikane kwenye duka la mwaloni panapouzwa nyavu na oili. Halafu mkaguzi anayetoa leseni ya boti avue kibanio injini ikiwa inawaka, aone kama inazima, na amwombe baria, siyo nahodha, aiwashe tena.

Jioni nilipita tena pale. Mzee alikuwa amefunga upya kipande cha mpira, kwa sababu abiria wa Kasenyi walikuwa wanasubiri na kibanio hakikuwepo. Lakini safari hii alimwita yule kijana, akamwonyesha namna ya kukifungua, akamfanya arudie mara tatu kabla ya kusukuma boti majini.