Ulimi Nyuma ya Kimio, Mpwa Nyuma ya Mlango

Kinachoponza kwenye mudra ya khechari, zoezi la yoga la kuingiza ncha ya ulimi nyuma ya kaakaa, ni kidole. Ulimi wenyewe ni mpole: unaukunja kuelekea nyuma, ncha inatambaa juu ya kaakaa gumu, inafika pale mfupa unapoishia na nyama laini inapoanzia, na hapo ndipo karibu kila anayejifunza anapogota. Mara nyingi tatizo si ufupi wa ulimi. Misuli ya kuuvuta nyuma na juu haijawahi kupewa kazi hiyo tangu mtu azaliwe, kwa hiyo inachoka mapema. Basi unaazima kidole cha shahada. Kinaingia chini ya ulimi uliokwisha kunjwa, kinausukuma ule upande wa chini ambao sasa unatazama meno, taratibu, nyuma kisha juu, mpaka ncha iteleze nyuma ya kaakaa laini na kuingia kwenye uwazi ulio juu ya koo, nyuma ya pua. Ni kama kumpandisha mbuzi ngazi: ukimsukuma kwa pupa anageuka, na mnateremka wote wawili.

Usipite katikati. Kimio kinaning'inia pale, na ukikigusa tu koo zima linanyanyuka kutaka kutapika. Pita ubavuni, kushoto au kulia, ambako ukingo wa kaakaa umelegea kidogo. Ncha ikishavuka ndipo uirudishe katikati. Na hicho kichefuchefu usikilaumu tumbo. Neva ya 9 ya kichwa inahisi mguso kwenye shina la ulimi na kooni, ya 10 inaamrisha misuli ikaze, na shughuli yote inakwisha kabla hujashirikishwa. Hufifia kwa mazoea: gusa, ondoa, toa pumzi polepole, gusa tena. Tumbo liwe tupu, zipite saa 3 au 4 tangu mlo wa mwisho. Mwenye mafua asijaribu kabisa. Kucha zikatwe mpaka mwisho na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa sababu anayepuuza kucha atatema damu na kudhani kundalini, ile nguvu ambayo wanayoga husema imelala chini ya uti wa mgongo, imeamka.

Kabla ya kidole kuna maandalizi, na wenye haraka huyaruka. La kwanza ni talabya kriya: bandika ulimi mzima kwenye kaakaa, unyonye mpaka ushikamane, kisha fungua taya huku bado umeshikamana ili kile kigozi chembamba cha chini ya ulimi kivutike, halafu uachie kwa mlio mmoja mkavu. Mara 10 zinatosha kwa kuanza. Wenye mazoea hufika mara 50 kwa siku. Wengi hubandika ncha peke yake. Mlio unatoka safi kabisa, kigozi hakivutiki hata kidogo, na mtu anakaa mwezi mzima akijipigia makofi mdomoni. La pili ni kuukamua ulimi. Ushike kwa kitambaa safi kikavu, maana bila kitambaa haushikiki, uvute mbele, kisha kulia, kisha kushoto, na uishie kabla ya maumivu. Funga mlango kwanza. Hakuna maelezo yanayomridhisha mtu aliyekukuta ukijikamua ulimi.

Halafu kuna habari ya wembe. Hatha Yoga Pradipika, maandishi ya yoga ya karne ya 15, yanaelekeza kigozi hicho kikatwe kiasi cha unywele mmoja, kipakwe chumvi ya mawe na unga wa haritaki (tunda la dawa za Kihindi), na kila baada ya siku 7 kikatwe tena, kwa miezi 6. Sina ugomvi na waliotangulia, ila wembe huo wauache hukohuko karne ya 15. Kando ya kigozi kuna midomo ya mirija ya mate, jirani yake kuna mishipa ya damu, na kidonda kikipona huacha kovu linalojikunyata, kwa hiyo unaweza kuishia na ulimi mfupi kuliko ule uliouanza nao. Katika mapokeo ya Lahiri Mahasaya (1828–1895), mwalimu wa yoga wa India, wembe haumo. Ndiyo maana talabya kriya ikapewa uzito wote ule. Kigozi cha kawaida hulegea kwa subira, wengine miezi, wengine miaka.

Sasa basi. Siku ncha ya ulimi wangu ilipovuka, mambo yalikwenda vizuri kwa pumzi chache za mwanzo. Ilipita ubavu wa kushoto, ikateleza, ikatulia huko juu, na mate yakaanza. Vitabu husema hiyo ni amrita, maji ya uhai, inayodondoka kutoka kichwani, yenye ladha ya chumvi, mara ukali, mara maziwa, samli na asali. Mimi nilipata chumvi, na sababu yake haina fumbo lolote: makamasi yana chumvi, na ulimi ukikaa nyuma ya pua umejiweka chini ya bomba. Asali bado naisubiri. Tezi za mate peke yake hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na kumeza inakuwa taabu, maana ili umeze lazima kaakaa laini liinuke lizibe njia ya pua, na njia hiyo tayari ina mpangaji. Udenda ukajitafutia njia nyingine: ukafuata kidole, ukashuka kiganjani, ukapita kiwiko, ukafika gotini.

Ndipo ncha ikagusa kile kiambaza kinachogawa pua. Loh! Sehemu hiyo ina hisia kali ajabu. Mguso mdogo tu unaleta machozi, makamasi na chafya kwa pamoja. Kanuni ni kwamba chafya ikinyemelea, kidole kitoke kwanza. Chafya yangu haikunyemelea. Meno yalishuka kwenye kiungo cha pili cha kidole, nami nikapiga ukelele usio na konsonanti hata moja.

Mpwa wangu alikuwa chumba cha pili. Alikuwa ametoka kumaliza mafunzo ya huduma ya kwanza, na tangu akabidhiwe cheti hakuna mtu aliyekohoa mle ndani akaachwa kwa amani. Aliingia bila hodi, akamkuta mjomba wake sakafuni, macho yamemtoka, makamasi yanashuka, udenda mpaka gotini na kidole kimezama kinywani.

"Mjomba! Umekabwa?"

Nikachomoa kidole nimjibu. Ulimi ukabaki. Ukishtuka, kaakaa laini linakaza, na kilichoko nyuma yake kinabanwa. Ulimi wa namna hiyo hautolewi kwa kuvutwa: unalegeza taya, unatoa pumzi, unateremsha shina la ulimi kwanza, ncha inafuata yenyewe. Sekunde 5 zinatosha, ila ziwe sekunde za utulivu, si za kuinamiwa na mwenye cheti. Tena T, D, N, L, R na S zote zinaitaka ncha ya ulimi kwenye ufizi wa mbele. Ikiwa ghorofani, unabaki na irabu, H, na herufi za midomo. Jaribu kusema "hapana" katika hali hiyo.

"Hapa-a!"

"Wapi, mjomba?"

"Hapa-a! Hapa-a!"

"Kooni?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Udenda ukaruka kulia na kushoto, ukampata na yeye usoni, na nadhani hapo ndipo alipoamua kwamba nimeshaanza kuaga dunia.

Haki yake nimpe, alifuata utaratibu. Alisimama ubavuni kwangu, akaniinamisha, mkono mmoja akauegemeza kifuani pangu, na kwa kisigino cha kiganja cha pili akanipiga katikati ya mabega. Moja! Mbili! Mafunzo hayohayo husema kwamba mtu anayeweza kutoa sauti au kukohoa hapigwi mgongo, anahimizwa aendelee kukohoa, kwa kuwa hewa bado inapita. Somo hilo sijui lilifundishwa siku gani. Tatu! Nne! Kwenye la tano ulimi ulishuka kwa kasi ambayo hakuna mwalimu wa yoga anayeifundisha, ukajipigiza kwenye meno ya chini, nikavuta hewa kwa mdomo mzima.

Mpwa akapiga magoti. Akaanza kupapasa mkeka, akainua ukingo wake, akachungulia chini ya mto wa kukalia.

"Kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kilichokukaba, mjomba. Sikioni. Au hakijatoka?"

Kaakaa lilikuwa linawaka moto, ulimi umevimba, na sentensi ndefu ilikuwa haiwezekani.

"Kimo mdomoni," nikamwambia. "Kinakaa humohumo."

Akanitazama kwa huruma. Akanizunguka kwa nyuma, akanikumbatia, akakunja ngumi na kuiweka juu ya kitovu, chini ya mbavu, halafu akaanza kuhesabu upya kutoka moja.